Skrubu Nne na Nusu ya Jiwe

Mtu aliyefungwa kinywa kwa waya huota ndoto macho yakiwa wazi. Ndolo aligundua jambo hilo siku ya tisa, akiwa ameketi mbele ya nyumba yake Kitengela, mrija wa uji ukining'inia pembeni mwa midomo. Mbele yake tambarare ilinyooka hadi vilima vya Ngong, nyasi zikiwa na rangi ya asali iliyochanganywa na majivu. Nyumbu walikuwa wakipita mbali, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka na bila mwisho. Aliwatazama mpaka akaona wanapita ndani ya kichwa chake. Waliingia sikio la kushoto, wakatokea la kulia, na hawakuvunja kitu.

Njaa ya uji na maziwa si njaa ya kukosa chakula. Ni njaa nyepesi. Humwinua mtu kidogo juu ya kiti chake na kumwacha hapo, akielea.

Ndolo alikuwa fundi wa seng'enge. Tangu tambarare ilipoanza kukatwa vipande na kuuzwa, hakuna aliyepanda nguzo nyingi kumshinda. Mwaka huo wa 2003, akivuta waya wa mteja mmoja upande wa Isinya, waya ulikatika na mpini wa jeki ya kukazia waya ukarudi kwa nguvu ukampiga kidevuni. Alisikia mlio ndani ya kichwa, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Taya la chini likawa mapande mawili yasiyosikilizana.

Walimpeleka Kajiado, kwenye kliniki ambako daktari wa taya, Dakta Akoth, alikuwa akija mara mbili kwa mwezi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono midogo na sauti ya chini. Alimfunua Ndolo midomo, kisha akamulika kwa tochi.

"Haya meno ya mbele yalichongwa na nani?"

"Ni urembo wa zamani kwetu Ukambani," akajibu Wayua, mke wa Ndolo, maana mwenyewe hakuweza. "Siku zake, kijana mwenye meno butu hakutazamwa na msichana."

"Na wewe ulimpendea meno?"

"Nilimpendea yote, daktari. Sasa yamebaki haya unayoona."

Dakta Akoth alitikisa jino moja kwa kidole. Lilitikisika. Akatikisa la pili, nalo likatikisika. Akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na Ndolo, akamweleza polepole. Taya lililovunjika lazima litulizwe wiki sita, mdomo ukiwa umefungwa, ili mfupa ujishone. Kwa kawaida wanafunga waya kwenye meno ya juu na ya chini. Lakini meno haya yakivutwa na waya yatang'oka kabla mfupa haujashika.

"Kwa hivyo sitafunga kwenye meno," akasema. "Nitapita chini ya fizi mpaka kwenye mfupa wenyewe. Nitaweka skrubu nne ndogo, mbili juu, mbili chini. Waya utashikana na hizo. Meno yako nitayaacha yapumzike."

Wayua alishika kifua. "Skrubu kwa mfupa wa mtu?"

Ndolo naye alitikisa kichwa kukubali, hata machozi ya maumivu yakamtoka. Tangu ajali ile, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyaelewa yote. Huwezi kufunga waya kwenye nguzo iliyooza. Unateremka mpaka penye ukweli.

Kazi ilipokwisha, ganzi ikiwa bado imemjaa usoni, daktari alimvika shingoni kamba yenye koleo dogo la kukatia waya.

"Hii usiivue hata ukilala. Ukitapika, kata waya haraka, la sivyo matapishi yatakuziba pumzi. Sababu nyingine ya kukata hakuna. Umenisikia, mzee? Taya likichezacheza kabla ya wiki sita, litashika likiwa limepinda. Na huo mfupa wako ni mwembamba. Sina mahali pengine pa kuweka skrubu."

Njiani kurudi Wayua alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Maisha yako yote umebeba koleo mfukoni. Sasa umevikwa kama mkufu."

*

Soila alikuwa akimletea maziwa kila asubuhi. Alikuwa mjane, jirani yao, mwenye ng'ombe kumi na wanne, na kisima kilichochimbwa na marehemu mumewe. Aliweka kibuyu chini, akasalimu kwa Kimaasai, "Sopa", na Wayua akamwitikia "Ipa", kisha akaketi akimtazama Ndolo anavyonyonya maziwa kwa mrija.

"Kikao ni siku ya Alhamisi, wiki tatu kutoka leo," akasema siku hiyo ya tisa. Hakuwa mtu wa kumwongezea mgonjwa mzigo, lakini mzigo ulikuwa tayari umekaa katikati yao, kando ya kibuyu.

Mwaka 1996, mume wa Soila akiwa hai, Ndolo ndiye aliyewazungushia seng'enge shamba lao. Mume alipofariki, shamba la jirani lilinunuliwa na mtu wa mjini aitwaye Ishmael. Ukame wa mwaka 2000 ulimlazimisha Soila kuhamia upande wa Mashuuru na ng'ombe wake, miezi minane mizima. Aliporudi alikuta ua umesogea. Bikoni ya kona, ile alama ya mpaka, ilikuwa imetoweka, nguzo zimepandwa upya ndani ya ardhi yake, na kisima kimebaki upande wa Ishmael. Mahali pa ua wa zamani palikuwa pamelimwa na kupandwa maharagwe. Ishmael alisema nguzo hazijawahi kusogea hata wayo mmoja. Tangu hapo ng'ombe wa Soila walikuwa wakisikia harufu ya maji yao wenyewe kupitia waya.

Kesi ilizunguka miaka mitatu, karatasi kwa karatasi, hata wazee wa baraza la ardhi wakachoka. Mwenyekiti wao, Mzee Sironka, alikata shauri: karatasi zimetudanganya vya kutosha. Tutakwenda shambani wenyewe, na shahidi atasema kwa mdomo wake, mbele ya macho yetu. Maandishi hatupokei.

Shahidi alikuwa mmoja tu. Mume alikufa, na vibarua wa mwaka ule walitawanyika. Ndolo alikuwa amemwambia Soila, "Nitasema. Kona ile niliichimba kwa mikono yangu." Hiyo ilikuwa siku nne kabla ya waya kukatika.

Sasa alijaribu kusema. Aliyasukuma maneno kwenye nafasi iliyobaki kati ya midomo na waya. Yalitoka kama nyuki ndani ya mzinga.

"Anasema usiogope," Wayua akatafsiri.

"Ndivyo alivyosema?"

"Amesema kitu. Mimi naona ni hicho."

Soila akatabasamu, lakini macho yake yalishuka mpaka kwenye lile koleo kifuani mwa Ndolo, yakakaa hapo kidogo, kisha akayaondoa kwa aibu. Ndolo aliyaona.

*

Siku zikawa zinafanana, zikateleza moja ndani ya nyingine kama uji ndani ya mrija. Ndolo alikuwa akipapasa skrubu kwa ncha ya ulimi, mbili juu, mbili chini, vichwa vyake laini kama punje za mtama. Alilala ameketi na kuamka ameketi. Aliona nguzo alizopanda ujanani zikitembea usiku na mchana, zikienda Kimana kutafuta maji. Aliona shamba la Soila lilivyokuwa, nyasi zikifika gotini, na yeye amesimama kwenye kona akilenga kwa jicho moja: kifundo cha mwisho cha vilima vya Ngong kimekaa sawasawa juu ya kinu cha upepo cha kisimani. Hapo ndipo alipochimba. Alipajua mahali hapo. Lakini ataambiaje watu? Kidole si ushahidi. Ishmael naye ana kidole.

Mara mbili alishika koleo, akalifungua na kulifumba. Waya wa daktari ulikuwa mwembamba. Ungekatika mara moja, naye angesema maneno yote, na wazee wangemsikia. Halafu angebaki na mdomo uliopinda, asiyeweza kutafuna wala kushika misumari kwa meno akiwa juu ya nguzo. Fundi wa seng'enge hana mkono wa tatu isipokuwa mdomo.

Mara ya pili Wayua alimkuta. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, juu ya jiwe la kukanyagia, akasema, "Baba Evalyne, ukikata, mimi sitakulaumu. Lakini pia sitakusagia nyama ukiwa mzee."

Ndolo akaliachia.

Siku ya ishirini na moja walirudi Kajiado. Dakta Akoth alimpiga picha ya taya, akaishikilia dirishani. Ndolo aliona mifupa yake mwenyewe, ya kijivu na yenye ukungu, kama tambarare asubuhi ya Julai. Ndani ya ukungu huo mlikuwa na skrubu nne nyeupe zinazong'aa.

"Unaziona? Mtu akikutazama usoni hajui kama zipo. Na ndizo zinashika kila kitu."

"Zitatoka namna gani?" Wayua akauliza.

"Nazifungua tu. Wakati mwingine kichwa kinakatika, mwili wake unabaki ndani ya mfupa. Tukiona haina shida tunaiacha. Ukipiga picha miaka ishirini baadaye, utaikuta palepale."

Ndolo aliganda. Kisha akaanza kutoa sauti, na mikono yake ikawa inachimba hewani, inavuta, inakata, inachimba tena.

"Anaumwa?" daktari akauliza.

"Hapana," Wayua akasema, akimtazama mumewe kwa makini. "Hiyo ni sura ya mtu aliyekumbuka alipoacha kitu."

Na kweli alikuwa amekumbuka. Udongo mweusi wa Kitengela hupumua. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na kila pumzi huinua nguzo kidogo mpaka inalegea kama jino bovu. Mafundi wengine walikuwa wakikubali hivyo. Ndolo hakukubali. Kwenye kila kona alikuwa akichimba kupita udongo mweusi mpaka kwenye changarawe ya manjano, urefu wa mkono mzima, akalaza jiwe bapa, akalifunga waya mnene msalaba, akauunganisha na mguu wa nguzo, ndipo akafukia. Aliliita jiwe la kulala. Hakumwonyesha mtu, kwa sababu ufundi ukionyeshwa sana hupata wenyewe wengi. Waliohamisha ua walipoing'oa nguzo, waya ungewazuia, nao wangeukata wakidhani ni kipande tu cha uchafu. Kichwa kimekatwa. Mwili ungali ndani.

Furaha hiyo ilimpeleka mpaka nje, kwenye jua. Hapo ilimwacha, kwa sababu alikumbuka lile la kona ya Soila lilikuwa jiwe gani.

*

Alhamisi wazee watano walifika shambani na fimbo zao. Ishmael alikuja na viatu vilivyong'arishwa, visivyopenda udongo. Soila alisimama kando amejifunga shuka jipya. Wayua alimshika Ndolo mkono, maana uzito ulikuwa umemtoka na upepo ulikuwa mwingi.

"Shahidi na aseme," Mzee Sironka akasema.

Ndolo akatoa nyuki wake.

"Samahani, mwenyekiti," Ishmael akasema kwa upole mkubwa. "Mimi shule nilisoma, lakini lugha hii sikufundishwa."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee Sironka hakucheka. "Ndolo, nakujua miaka mingi. Lakini tulikubaliana ni mdomo. Unaweza au huwezi?"

Kinu cha upepo kilikuwa kikilalamika ng'ambo ya ua. Soila alitazama koleo, safari hii bila aibu, kisha akatikisa kichwa polepole, kumwambia hapana. Usikate. Kisima si taya la mtu.

Ndolo alishika kamba, akaivua shingoni. Wayua akafumba macho. Alipoyafumbua, koleo lilikuwa mkononi mwake yeye, na mumewe alikuwa amepenya ua, anatembea kuelekea kwenye maharagwe.

Alitembea kinyumenyume, jicho moja limefumbwa, akivitafuta vile vitu viwili, kifundo cha mwisho cha Ngong na ncha ya kinu cha upepo. Vilikuwa vikiachana na kukaribiana kadiri alivyosogea, na kwa muda hakujua kama yuko shambani au kwenye kiti chake, akielea. Vilipokutana alisimama. Akakanyaga ardhi mara tatu, akamwonyesha Soila mtaimbo ulioegemezwa kwenye ua.

"Sasa ni kuchimba?" Ishmael akasema. "Tutachimba mpaka tupate meno yake?"

"Mwache," Mzee Sironka akasema. "Mdomo hana, mikono anayo."

Soila alichimba mwenyewe. Alichimba kama mtu aliyesubiri miaka mitatu kupewa kitu cha kupiga. Udongo mweusi ukatoka, mabonge kwa mabonge, hadi akafikia changarawe ya manjano. Hapakuwa na kitu. Wazee walitazamana. Ishmael aliangalia saa yake.

Ndolo alipiga magoti kando ya shimo. Jasho lilimtiririka, na mrindimo ulikuwa masikioni, nyumbu wote wa tambarare wakipita kwa pamoja. Akakumbuka: mwaka ule alikuwa akilenga kwa jicho la kulia. Leo amelenga kwa la kushoto, maana upande wa kulia ulikuwa bado umevimba. Akasimama, akafumba jingine, vitu viwili vikaachana. Akasogea kidogo. Vikakutana tena. Akakanyaga.

Mtaimbo ulipoteremka mara ya saba, ulilia. Soila aliweka mtaimbo chini, akachimba kwa vidole. Kwanza kikatoka kipande cha waya chenye kutu, kilichokatwa. Kisha jiwe, bapa, lenye bonde laini katikati, limefungwa waya msalaba.

"Jiwe ni jiwe," Ishmael akasema. "Shamba zima lina mawe."

"Udongo mweusi hauna mawe bapa," mzee mmoja akajibu. "Hiyo hata mtoto anajua."

Lakini Wayua alikuwa ameshapita katikati yao wote. Aliinama, akapangusa udongo kwa kanga yake, akapitisha kiganja kwenye lile bonde laini. Aliponyanyua uso hakumtazama Ishmael wala Mzee Sironka. Alimtazama mumewe.

"Hili ni jiwe langu la kusagia."

"Mama yangu alinipa nikiolewa. Likapasuka katikati, nikayaweka mapande yote mawili nitafute simiti niyaunge. Asubuhi moja nikakuta moja halipo. Nikamwuliza huyu. Akasema labda mbwa. Nikauliza, mbwa anabeba jiwe? Akasema kuna mbwa wakubwa." Akageukia wazee. "Miaka saba nimewashuku watoto wa watu. Nusu ya pili iko kwangu mlangoni. Tunakanyagia."

Mzee Sironka alishusha fimbo. "Ni mwaka gani lilipotea?"

"Mwaka aliozungushia hawa ua. Naserian, binti wa Soila, alikuwa anajifunza kutembea."

"Iletwe," mzee akasema.

Waliketi kusubiri. Ndolo alisimama karibu na shimo, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu afungwe alishukuru kwamba hawezi kusema. Nusu ya pili ilipoletwa, imelainishwa na nyayo za miaka saba, Wayua mwenyewe aliiweka chini na kuisukuma taratibu. Ukingo uliparuza ukingo, ukatafuta, ukazama. Ufa ukawa mstari mwembamba kama unywele. Bonde la katikati likawa moja.

Wazee walitazama kwa muda mrefu. Kisha Mzee Sironka akamwambia Ishmael kwamba ana wiki mbili kurudisha nguzo mahali hapo, na kwamba kisima kifunguliwe leo, kabla jua halijazama, kwa sababu ng'ombe hawajui kusoma hukumu.

Ishmael aliyatazama maharagwe yake, akaondoka. Soila hakushangilia. Alikwenda kwenye ua, akaweka kiganja juu ya nguzo, akasimama hapo akisikiliza kinu cha upepo.

"Jiwe lirudi shimoni," mzee mmoja akasema. "Kona iwe na alama."

Wote wakamtazama Wayua. Aliyatazama mapande yake mawili.

"Yarudi yote," akasema. "Yameachana vya kutosha."

*

Siku ya arobaini na mbili, Dakta Akoth alikata waya, akafungua skrubu. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne ililia kidogo, na kichwa chake kikabaki peke yake kwenye chombo cha daktari.

"Mfupa umeipenda," akasema. "Niiache?"

Ndolo akaashiria iachwe. Alifungua kinywa upana wa kidole, akakifumba. Mapande mawili yalikutana sawasawa. Siku arobaini na mbili alikuwa akipanga maneno, na mengi yalikuwa mazuri. Sasa aliyatafuta, akakuta yameondoka na nyumbu.

"Wayua," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kavu na ngeni. "Lile jiwe, ni mimi nililichukua."

"Hiyo najua. Kitengela yote inajua. Hata Soila amewaambia ng'ombe."

"Nilitaka niseme kwa mdomo wangu."

Wayua alifungua mkoba, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, akakimenya taratibu, akakata kipande kidogo kuliko cha mtoto, akamtilia mdomoni.

"Tafuna," akasema. "Polepole. Kuna mbwa wakubwa."

Ndolo akatafuna. Upande wa kushoto, chini ya fizi, ulimi wake uliitafuta ile skrubu iliyobaki. Haukuipata, lakini ilikuwepo.